Kopo la Vileja Liendalo Sur

Bi Thuraya wa Ibra ana kopo la bati lililokwenda Sur na kurudi mara nyingi kuliko gari lolote la mwanawe. Zamani lilikuwa la biskuti. Lilinunuliwa Matrah mwaka ule walipoingia nchi hii ya Waarabu kutoka Unguja, na picha ya kifunikoni imeshafutika kwa kuoshwa. Kila aendapo kumtazama wifi yake, Bi Tamima, dada wa marehemu mumewe Humaid, hulijaza vileja, vile vibiskuti vya unga wa mchele. Na kwa kuwa kwao chombo cha mtu hakirudishwi kitupu, Bi Tamima hulirudisha na visheti. Ndiyo desturi yao, miaka arubaini na ushei.

Sasa kulikuwa na jambo. Kopo hutoka Ibra limejaa, likafika Sur limepwaya. Mara ya mwisho Bi Tamima alilifunua mbele ya wageni, akachungulia ndani kama mtu anayetazama kisima.

"Wifi, mchele umeadimika huko Ibra? Ungesema, ningekuletea kigunia."

Wageni walicheka. Bi Thuraya aliyameza maneno yale, lakini hayakushuka. Yeye kasoma mpaka darasa la sita, na hesabu ya vileja haimshindi. Alitia sitini, vikafika arubaini na saba. Basi mwizi alikuwa ndani ya gari. Na ndani ya gari, mbali na yeye mwenyewe, walikuwamo Abdullatif mwanawe, Dalal mke wa Abdullatif, na Tufool mjukuu, anayesoma chuo Nizwa. Bi Thuraya alimshuku mwanawe. Daktari kamkataza sukari, na aliyekatazwa ndiye mwenye mkono mrefu.

Safari hii aliapa kopo litafika limejaa, na mwizi atajulikana.

Ijumaa baada ya alasiri akajifungia jikoni. Akaipiga samli na sukari mpaka ikawa nyeupe, akavunja mayai, akatia unga wa mchele na iliki aliyoitwanga mwenyewe, maana ya dukani haina harufu. Akaonja donge. Akaonja kileja cha kwanza kilichotoka kwenye oveni. Akaonja kilichovunjika, kwa sababu kilichovunjika hakipelekwi kwa watu, kisha akaonja kizima, akilinganishe na kilichovunjika. Hapo hakuwa anakula. Mama yake alimfunza kwamba kuonja si kula, na mpishi asiyeonja huwaonjesha watu aibu.

Donge la mwisho akaliweka kando. Akalitia pilipili manga nyeupe, vijiko vinne vya kujaa. Punje za iliki zikaificha vizuri. Vikatoka vileja kumi na viwili vizuri kuliko wenziwao wote.

Dalal akachungulia mlangoni. "Mama, mbona unacheka peke yako?"

"Nacheka na watu wangu wa zamani. Wewe kakunje nguo, mwanangu."

Vile kumi na viwili akavipanga juu kabisa, pale mkono wa mwizi ufikiapo kwanza. Wakishafika mlangoni kwa Bi Tamima, atavitoa kimya kimya na kujaza mahali pake kwa vileja vizuri alivyovifungia kwenye mfuko ndani ya mkoba wake. Mwizi atakuwa keshalia njiani.

Asubuhi wakaondoka. Bi Thuraya alikaa nyuma na Tufool, kopo likiwa katikati yao. Wakapita Al Mintirib, hakuna aliyelia. Abdullatif aliendesha akizungumza habari za kazini, mikono yote miwili kwenye usukani. Bi Thuraya akaanza kuudhika. Mwizi gani huyu, siku ya kutegwa ndiyo siku ya kutubu?

Walipofika Al Kamil wakasimama kituo cha mafuta. Abdullatif akaenda kununua chai ya karak, Dalal na Tufool wakaenda msalani. Bi Thuraya akabaki na kopo. Akaona si vibaya kutazama kama samli haikutoka kwa joto. Akafunua, akapitisha vidole chini ya safu ya juu, akachomoa kileja cha kwanza, cha safu ya pili, akakitia mdomoni kizima kama afanyavyo siku zote hapo Al Kamil.

Moto ukampanda puani, ukatokea masikioni. Hakuwa na maji. Kutema ndani ya gari la mwanawe hakuweza, wala kutema dirishani mbele ya wanaume wa kituo. Akameza.

Abdullatif akarudi na vikombe. "Mama, unalia?"

"Namkumbuka baba yako."

"Allah amrehemu," akasema Abdullatif kwa heshima.

Tufool akaingia, akamtazama bibi yake kwa makini. "Bibi, una chenga kwenye ushungi. Umekula tena? Kila safari tukisimama hapa unakula."

"Naonja."

"Na Bibi, ile kopo asubuhi haikufungika. Nikatoa vileja zote, nikapanga upya. Sasa imefunga sawa."

Abdullatif alikohoa, na mabega yakamtikisika. Bi Thuraya akatazama nje. Kumbe mwizi alikuwa mtu anayemfahamu tangu siku alipozaliwa: yeye mwenyewe. Na ubaya zaidi, pilipili ilikuwa imesambaa kopo zima, na hakuna awezaye kuijua kwa macho. Akivitupa, kopo litafika tupu na Bi Tamima atacheka mpaka Sikukuu. Akivipeleka, basi Mungu amsitiri.

Akakitia kileja kimoja cha mkobani kuziba pengo, akafunika.

Sur, sebuleni, alikuwapo na jirani Bi Ghaliya. Bi Tamima akafunua kopo. Limejaa mpaka ukingoni.

"Leo umeniweza, wifi." Akachukua kimoja, akauma.

Akasita kutafuna. Bi Thuraya alimwona macho yanavyojaa, na alijua vilevile kwamba Tamima hajatema chakula mbele ya mgeni tangu apate akili.

"Bi Tamima, kulikoni?" akauliza Bi Ghaliya.

Bi Tamima akameza polepole. "Namkumbuka kaka yangu Humaid. Alikuwa akivipenda hivi." Akapangusa macho, kisha akateua kileja kwa mkono wake, akamnyooshea Bi Thuraya. "Na wewe kula, wifi. Tumkumbuke pamoja."

Bi Thuraya akala. Kilikuwa kitamu. Ikambidi alie vivyo hivyo. Bi Ghaliya, kwa huruma, akasema kwao hawajapata kuona mawifi wanaopendana namna hii.

Jioni kopo likarudishwa limejaa visheti, vimekolea shira, na Bi Tamima mwenyewe kalifunga kwa kitambaa, mafundo mawili.

"Onja njiani, wifi," akasema. "Najua wewe hupendi kuonja."

Bi Thuraya alilipakata kopo mpaka Al Kamil. Hapo akafungua fundo la kwanza, akasita, akafungua la pili, akachagua kisheti kidogo kuliko vyote, akampelekea mwanawe mbele.

"Abdullatif, mwanangu. Kimoja hakikudhuru. Hebu onja kwanza wewe."