Kapasita ya Mwigobero

Miaka ile sabuni ilipokuwa ya kutafutwa kama dawa, mwalimu wa kwaya wa Manyamanyama aliniletea amplifaya ya kanisa karakanani kwangu Musoma. Ilinguruma kuliko kwaya yenyewe.

"Pasaka ni Jumapili, fundi. Ikinguruma tena, wazee wanaiuza."

Ugonjwa niliujua: kapasita kubwa ya kulainisha umeme ilikuwa imekauka. Vipuri madukani hakuna. Sokoni Mwigobero, palepale Musoma, kulikuwa na mama aliyeuza vya mitumba, akanipa moja ya maikrofaradi elfu mbili na mia mbili. Mita yake ilikubali. Mimi nikaipeleka kwenye yangu, ikasema elfu moja na mia nne. Nikapima tena. Vilevile.

"Mama, hii imezeeka."

"Mita yako ndiyo ina njaa. Miche miwili ya sabuni, basi."

Nikamwachia. Nikapanda lori la pamba mpaka Bunda, nikashinda kutwa nikigonga milango, nikalala kwenye magunia. Nilipata mbili, zote mita yangu ilizikataa. Ijumaa nilirudi kwa yule mama na vumbi tu, nikamweleza nilikotoka.

Mama alikuwa anapanga vitu vyake. Hakuniangalia.

"Mita yako inapima kwa mizunguko mingapi kwa sekunde?"

"Elfu moja."

"Yangu mia. Umeme wa kanisani ni hamsini, ukipita kwenye dayodi za amplifaya unakuwa mia. Sasa hiyo elfu umeitoa wapi?"

Kapasita ya aina ile hujaa na kutoa polepole. Ukiiharakisha inaonyesha kidogo, ukiipa nafasi inaonyesha yake yote. Nilijifunza hayo chuoni, nikayasahau, kwa sababu mita yangu ilikuwaga na spidi moja tu. Nilikuwa nimepima kila kitu mara mbili, kwa kosa lilelile.

"Haya, miche miwili," nikasema.

"Ilikuwa miwili Jumatano. Leo mitatu. Mmoja wa safari yako ya Bunda."

Nilijaribu kumwomba apunguze, akaendelea kupanga vitu vyake. Nikatoa mitatu.

Jumamosi niliichomelea, nikaipeleka Manyamanyama mwenyewe. Mwalimu akawasha, akasogeza sikio kwenye spika, akakaa hivyo muda mrefu.

"Mbona kimya? Imekufa?"

"Sema kitu kwenye maiki."

Akakohoa. Kikohozi kikatoka safi, kikajaa kanisa. Mzee mmoja aliyekuwa anafagia akasimamisha ufagio, akasema basi, haiuzwi. Nikaomba benchi la nyuma, nikalala.