Dada Aliyechagua Kuwa Bibi

Jirani yangu anachoma korosho, na moshi wake mkali umeingia hadi chumbani. Umenikumbusha baraza la nyumba yetu kule Ufukoni, na dada yangu akiwa amejilaza kwenye mkeka.

Dada alikuwa na ugonjwa wa moyo. Hakuweza kukimbia na wenzake, kwa hiyo alitutungia mchezo wa kucheza tumekaa. Kabla ya kuanza, kila mtu alichagua yeye ni kiumbe gani, kisha akachagua kazi yake. Kulikuwa na majitu ya msituni, majini ya Ruvuma na watu wenye mabawa. Kazi zilikuwa askari, mganga na mpiga mishale. Mimi nilikuwa jitu askari siku zote. Dada alipenda kuwa jini mganga, kwa sababu jini hachoki.

Siku moja miguu yake ilikuwa imevimba, na alipumua kwa shida. Nikamuuliza, "Dada, leo wewe nani?"

"Binadamu."

"Binadamu hana nguvu yoyote! Na kazi yako?"

Akafikiri kidogo. "Bibi. Bibi kizee kabisa, mwenye wajukuu wengi."

Nikamwambia hiyo si kazi. Mama, aliyekuwa akichambua kisamvu karibu yetu, akasema bila kuinua uso, "Mwache mwenzio. Mwache awe bibi."

Basi nikawa mjukuu. Nikamshika mkono, nikamwamkia, "Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu," akaitika, akicheka.

Tulimzika wiki ileile. Alikuwa darasa la tano.