Koti la Baba Mdogo

Nilipokuwa mtoto wa miaka tisa pale Bulyaga, nilikuwa na dharau ya mtu mzima, na nilikuwa nimeambukizwa na Baba Mdogo. Huyu ni mdogo wake baba, Gwakisa, fundi redio mwenye kibanda karibu na stendi ya Tukuyu. Kwa maoni yake dunia ilikuwa na mambo mawili tu ya maana, mpira wa miguu na yeye mwenyewe. Siku mwalimu alipotufundisha wasichana mpira wa pete, Baba Mdogo alisimama kwenye uzio wa shule, akatuona tumeinua mikono, akauliza kama tunaanika nguo. Nilicheka pamoja naye, na sikucheza tena.

Mwaka huo alitafutiwa mchumba ng'ambo ya mto Songwe, Malawi, upande wa Karonga. Mshenga alikuwa Mama Sekela, mwuza mchele aliyevuka mpaka kila wiki. Msichana aliitwa Lusungu. Watu wa kule ni kama ndugu zetu, lugha yao na Kinyakyusa chetu vinaelewana bila mkalimani, na wazazi walikuwa wameshakubali maneno ya mshenga. Ilibaki wamwone mwanaume mwenyewe. Alikuwa na miaka thelathini na sita, na hapo nyuma familia mbili zilikwisha kumkataa kwa sababu ya mdomo wake. Bibi, mama yake, aliamua niende naye.

"Waone watoto wetu tunavyowalea," alisema.

Asubuhi ya safari alitukalisha jikoni. "Gwe Gwakisa, nisikilize. Huko uendako, kitu ambacho watu wanakipenda na wewe kipende, hata kwa siku mbili tu. Watu wakinung'unika, pumzi yao ni baridi fijo, baridi kweli. Itakufuata mpaka kitandani."

Wazee wetu waliamini hivyo, kwamba manung'uniko ya watu uliowakosea hugeuka upepo wa baridi na kumwangukia mkosaji, naye akatetemeka mpaka aombe radhi. Baba Mdogo alinikonyeza. Nami nilimwona Bibi mshamba kweli kweli.

Baba Mdogo aliondoka amevaa koti zito la sufu, maana Tukuyu mwezi wa sita si mahali pa kujifanya shujaa. Tulipofika Kasumulu mpakani joto lilikuwa limetupokea, lakini alikataa kulivua ili wakwe walione. Jasho lilimtoka mpaka shingo ikang'aa. Nikikumbuka sasa, sijui nilimheshimu kwa lipi.

Tuliingia kijijini Jumamosi mchana. Njia ilipita kwenye kiwanja kilichofagiliwa kikawa safi kuliko sebule yetu, na kila mwisho palisimama nguzo ndefu yenye pete ya chuma juu. Hapakuwa na mtu. Hapo hatimaye Baba Mdogo alishindwa na joto.

"Hata hawa wanaanika nguo," alisema. Alivua koti, akalirusha juu, likanasa kwenye pete. Tulikaa kivulini tukisubiri lipigwe na upepo.

Watu walianza kuja, wanawake wenye sketi za rangi moja, wazee na viti vyao, watoto na ngoma. Walipoliona koti walisimama wote. Baadaye nilielezwa kwamba kule hata mtoto anajua: pete ikifunikwa na nguo ya mgeni kabla ya mchezo, basi imefungwa kichawi, na mpira hautapita. Upuuzi mtupu, bila shaka, lakini ulikuwa upuuzi wao, kwenye kiwanja chao. Mzee mmoja alilitoa kwa mti mrefu akaliweka miguuni mwa Baba Mdogo.

Mwanamke mrefu alitusogelea, akatusalimu. "Mugonile. Ninyi ndio wageni wa kutoka Tukuyu?"

Alikuwa mama yake Lusungu, na ndiye aliyewafundisha wale wachezaji. Baba Mdogo alisema alidhani ni nguzo za kuanikia. Hakuna aliyecheka.

Mchezo ulianza, na sijaona tena watu wakipenda kitu namna ile. Sisi tulizoea kuona wasichana wa shule wakirushiana mpira huku wavulana wakizomea. Pale wazee walibishana juu ya hatua moja ya mguu. Baba Mdogo hakujua kanuni hata moja na hakuona aibu. Aliuliza kwa sauti kwa nini hawaudundi mpira, kwa nini anayeushika anasimama kama mlingoti. Alipochoka kuuliza, aliwapa mgongo wachezaji, akatoa redio yake ndogo mfukoni, akaanza kuitafutia mawimbi ya kwetu.

Mfungaji alikuwa Lusungu mwenyewe. Alikuwa mwembamba, mtulivu, na kila alipoinua mikono mpira ulipita katikati ya pete, koti au pasipo koti. Mchezo ukielekea kwisha, timu zikiwa zimelingana, alipata mpira chini ya nguzo. Kiwanja kizima kilinyamaza. Hata ngoma ilinyamaza. Aliinua mikono miwili na kujinyoosha kwenye vidole vya miguu, na mimi, mtoto wa kwetu niliyeletwa ili nionwe, nikacheka. Nilimwona kama mtu anayeanika shuka. Nilicheka kwa nguvu, mkono ukiwa umemwelekea, na yeye aligeuza macho akanitazama kabla ya kurusha. Mpira uligonga chuma ukadondoka nje. Wapinzani wao, timu ya kijiji kingine, waliuchukua wakaenda kufunga upande wa pili.

Tulilishwa vizuri usiku ule, tena kwa heshima, ila hakuna aliyetuuliza chochote. Wiki moja baadaye Mama Sekela alileta jibu, nalo lilikuwa hapana. Ya pili haijaisha, Baba Mdogo alianguka kitandani akitetemeka chini ya mablanketi matatu.

"Nilisema," Bibi aliwaambia majirani. "Ni lile koti. Wale watu wamenung'unika." Alimtaka arudi akaombe radhi.

"Niombe radhi kwa mpira wa wanawake?" alijibu huku meno yakigongana. Alipona, na hakwenda.

Nilikua, nikasomea maabara, na leo vijidudu vya malaria naviona kwa darubini karibu kila siku. Kwa hiyo hadithi ya koti nikaifanya kichekesho changu. Mtu wa milimani asiyezoea mbu analala siku mbili Karonga, anaumwa, halafu bibi kizee anasema ni pumzi za watu. Niliisimulia kazini na harusini. Mwaka juzi niliisimulia hata msibani, siku ya tatu baada ya kumzika Bibi, binamu zangu wakifa kwa kicheko.

Mama Sekela alikuwa anachambua mchele pembeni. Alisubiri wale wengine waende kuchota maji.

"Bibi yako alijua ni malaria," alisema. "Dawa alikwenda kuinunua mwenyewe, nilikuwa naye."

Nikamwuliza basi ya nini kusema habari za koti mtaa mzima.

"Jibu la Lusungu nilimpa yeye peke yake. Koti walikwisha kulisamehe. Mama mtu alitaka ndoa iendelee. Msichana ndiye aliyekataa. Alisema, nyumba ambayo mtoto wao ananicheka hivi nikiwa kwetu, nikiwa kwao watanifanyaje? Bibi yako akaniapisha. Alisema mtoto wa miaka tisa hawezi kubebeshwa mzigo wa kumkosesha mtu mke."

Aliendelea kuchambua mchele wake. Nilisogea karibu, nikaanza kuchambua naye.

Baba Mdogo hakuoa. Bado ana kibanda chake, mvi zimemjaa, na kila nikifika Tukuyu napita kumwamkia. Huwa ananiomba nimsimulie ile ya Bibi na pumzi za watu, maana anasema mimi ndiye ninayejua kuisimulia ikachekesha. Mara ya mwisho nilimsimulia tena, mwanzo hadi mwisho, kama alivyoizoea, bila kugusa aliyoniambia Mama Sekela.