Makaburi Yaliyoota Kabla ya Sola

Mbwa wa jirani yetu alikufa Jumanne, na kufikia Alhamisi alikuwa ameshakuwa babu wa watu, amelala chini ya tuta la udongo lenye msalaba wa fito. Ninalisema mapema ili uzibe pua tangu mwanzo, kama nilivyoziba mimi.

Nilikuwa kidato cha tatu, nimerudi likizo. Kwetu ni bondeni, Momba, mwendo wa pikipiki kutoka Chitete ukiwa na kiuno kizima, na ukifika hakiwi kizima tena. Wiki hiyo walikuja wageni wa kampuni kwa gari jeupe, wakatuitia mkutano uwanja wa shule ya msingi. Wakasema wanalitaka bonde, kuanzia barabarani hadi karibu na mto, waweke sola. Si sola kama ile ya kuchajia simu aliyoinunua baba huko Tunduma ikafa kabla ya masika. Hii ni vioo vitupu, mistari kwa mistari, mpaka macho yachoke. Vigingi vyao walikuwa wameshavichomeka. Kimoja kilisimama hatua kumi kutoka choo chetu.

Mfugaji mmoja, mmoja wa wale waliohamia na mifugo yao, akauliza ng'ombe watapita wapi kwenda kunywa maji. Akaambiwa hoja yake imepokelewa. Mama mmoja ambaye nyumba yake imeguswa na vigingi kwa nyuma akauliza kama mng'ao wa vioo hautamwingilia dirishani siku nzima, na joto je, bonde lenyewe hili tayari ni tanuri. Hoja imepokelewa. Mimi nilikuwa nyuma na wasichana wenzangu, nikapaza sauti:

"Huo umeme sisi tutauona?"

Mgeni akatabasamu. Awamu ya kwanza unakwenda Tunduma na kwingineko, akasema. Sisi tumo awamu ya pili.

"Basi hoja ya kibatari imepokelewa," nikasema.

Watu wakaangua kicheko. Mwenyekiti wa kitongoji akanikata jicho, mdomo umejaa biskuti za wageni. Makombo yalimdondokea kifuani, akawa anayaokota kwa kidole alichokilowesha kwa ncha ya ulimi, moja baada ya jingine, huku anatikisa kichwa kukubali kila neno la wageni. Sijala biskuti za aina ile tangu siku hiyo.

Kisha mgeni akatamka jambo ambalo angelimeza angetuponya sote. Alisema kila kaburi lililo ndani ya vigingi litahesabiwa, litahamishwa kwa heshima, na familia itapewa mkono wa pole.

Usiku mmoja haukutosha, zilihitajika siku tatu. Makaburi yakaota. Watu ambao shamba wamelipata juzi wakawa na mababu humo. Jirani, mtu wa mbinu, aliona tuta tupu halitoshi, wageni wanaweza kufukua, ndipo akamzika mbwa wake. Tena alimfukia juu juu, maana ardhi ya kiangazi ni ngumu na yeye ni mvivu. Ijumaa jua lilipopanda, upepo ukageukia kwetu. Ulikuwa uvundo mtamu, mzito, unaokaa kwenye ugali. Nilitafuna mboga nikahisi natafuna manyoya.

Baba naye akatengeneza mawili nyuma ya zizi la mbuzi. Mama alikuwa kibarazani anamenya mihogo.

"Baba, hawa ni akina nani?" nikamuuliza.

"Wajomba zangu."

"Wamekufa lini? Niandike barua ya kuomba ruhusa shuleni, mwalimu ataniuliza."

"Kausha wewe," akasema, lakini alikuwa anacheka. Akapigapiga tuta kwa mgongo wa jembe likakaa vizuri, akarudi nyuma kulitazama kama fundi anayetazama meza aliyoiranda. Mimi nikaangua kilio cha msibani, mikono kichwani, naita wajomba, mpaka mbuzi wakashtuka. Baba akacheka akikamata mbavu.

Mama aliweka kisu chini. "Twende ufutani," akaniambia.

Shamba letu la ufuta lina kichuguu katikati. Pembeni yake kuna kipande ambacho mama hakilimi kamwe, na kila msimu baba humgombeza kwamba anafuga mchwa. Mama akasimama mbele ya kile kipande, akaniambia kwamba mdogo wangu yupo pale.

Nilijua kwamba alikuwepo mtoto baada yangu, hakukaa. Sikujua zaidi, kwa sababu kwetu halisemwi. Mtoto akifa kabla hajatolewa nje watu wakamwona, wanawake ndio humzika, peke yao, kando ya kichuguu ambako udongo ni wa baridi. Hapigiwi tuta, haliliwi, hana jina. Wanaume hukaa mbele ya nyumba mpaka bibi mmoja aje awaambie imekwisha, nao huondoka, na hawaulizi ilikwisha wapi. Mwanaume hakanyagi hapo.

"Kigingi kile kiko wapi na hiki kichuguu kiko wapi?" mama akauliza. "Wakileta tingatinga watasawazisha. Kwanza watasawazisha huyu."

Nikamwambia amwambie baba aandikishe. Mama akanitazama kama mtu aliyetukanwa. "Nimwambie baba yako, amweke na wale wajomba zake?"

Siku ya kuhesabu, wageni walikuja na mtendaji wa kijiji, bwana afya, kopo la rangi nyekundu na fomu. Fomu ilikuwa na nafasi ya mkuu wa kaya kutia saini, na mkuu wa kaya ni mwanaume, kwa hiyo wanawake walisimama upande wa majikoni kama vyombo vilivyooshwa. Walianzia kwa jirani. Hawakumaliza hatua tano. Mgeni mwenye fomu aliinama vichakani akatapika chai yake yote, na bwana afya akaomba jembe.

Mbwa alitoka na kamba yake shingoni. Amevimba, nzi wamemfanya blanketi.

Hapo sikujizuia. Nikapiga magoti kando ya shimo nikaomboleza, "Babu yetu! Babu uliyekuwa mkali kwa wezi! Nani atabweka sasa?" Wanaume wakalala chini kwa kicheko. Mtendaji alifuta machozi. Hata mgeni aliyetapika alicheka, mate bado yananing'inia kidevuni. Sijawahi kuchekwa vile, na nilijisikia mkubwa kuliko kampuni.

Mtendaji alipopata pumzi akakasirika. Akasema kitongoji kizima ni matapeli, na kila mkuu wa kaya asaini sasa hivi kwamba hana kaburi shambani, asiyesaini atajieleza polisi. Wanaume wakapanga mstari haraka kuliko siku ya kugawiwa mbolea. Baba alikuwa wa tatu. Wajomba wake wawili akawakana bila kupepesa.

"Lipo," mama akasema kutoka upande wa majikoni. Sauti haikufika popote.

"Mama anasema lipo," nikasema mimi, kwa nguvu. "Kwenye shamba letu la ufuta kuna kaburi la kweli. La mdogo wangu."

Wakacheka. Wakacheka kwa moyo mmoja, kama vile nimewaletea sehemu ya pili. "Huyu binti atatuua!" mwenyekiti akasema, anajipiga paja. "Na huyo alikuwa anabweka?" Baba alikuwa anacheka nao. Kalamu ilikuwa mkononi mwake, akainama akasaini.

Nilisema tena, na nilivyokaza uso ndivyo walivyozidi kucheka. Nilijitazama nikajiona nanuka kuliko lile shimo.

Mama akashuka kutoka majikoni. Alipita katikati ya wanaume, akamshika mkono yule mama wa nyumba iliyoguswa na vigingi, naye akamshika mwingine, na bibi mmoja mkongwe ambaye ndiye aliyekuwa mkunga akachukua fimbo yake akafuata. Walikwenda ufutani wakasimama kuzunguka kile kipande kisicholimwa, migongo kwetu. Nilikimbia nikajiunga nao.

Kicheko kilikatika kama redio iliyoishiwa betri. Wanaume wote, mmoja mmoja, wakageuka wakatazama barabarani. Baba naye akageuka. Mgeni hakuelewa, akaanza kuja na kopo lake la rangi, na ni mwenyekiti mwenyewe aliyemdaka shati.

"Hapo mwanaume haendi, bwana."

"Sasa nitaweka alama vipi?"

Walishauriana wakiwa wamegeuka. Mwisho kopo likawekwa chini mbali kidogo, nikalifuata. Nilipaka namba kwenye jiwe ambalo bibi mkunga aliniviringishia kwa mguu. Rangi ikanirukia kwenye sketi ya shule.

"Jina la marehemu?" mgeni akapaza sauti kutoka kule, bila kugeuka.

Fomu ilikuwa inangoja.

"Hana," mama akajibu. "Andika mtoto wa mimi hapa."

Sijui aliandika nini. Ninachojua ni kwamba wanaume waliporuhusiwa kugeuka, jirani na wenzake wawili waliwaendea wake zao, wakawauliza kwa sauti ya kubembeleza, hadharani, "Eti, na yule wetu tulimzika wapi?" Miaka yote hawakuuliza. Wanawake wale walichukua ndoo zao wakaenda mtoni. Bibi mkunga alitema mate chini, akayafukia kwa fimbo.

Wageni hawajarudi mpaka leo, vigingi vipo, na hakuna anayejua kama jiwe lile lina maana yoyote kwenye makaratasi yao.

Jioni ile baba aliniita barazani. Alikuwa amekaa kwenye kigoda, anajikuna goti.

"Hivi," akasema, anatazama mbuzi. "Alikuwa wa kike au wa kiume?"

Nilidhani ananitania, na mimi utani naujua. Hakuwa anatania. Nikamwambia akamuulize mwenye mtoto.

Aliinuka. Akafika mlango wa jiko, akasimama pale, mkono juu ya mwimo. Mama alikuwa ndani anakoroga ugali, hakugeuka. Baba alikohoa mara moja. Kisha akarudi kwenye kigoda chake, akawasha redio, akaongeza sauti.