Honorata na Makofi ya Castory

Mimi Hasna nauza chai na vitumbua mwaloni Katonga, pale mitumbwi ya dagaa inapotia nanga, ubavuni mwa yadi ya Mzee Swaibu ya kuanika dagaa. Sijaajiriwa na mtu, kwa hiyo naona mengi na nasema ninachotaka. Leo nataka kumsema Honorata, tena kwa mazuri tu, maana kwa mabaya alishasemwa vya kutosha.

Honorata ni Muha wa Simbo, mjane, amepanga chumba Kasingirima. Kazi yake ni kuanika dagaa kwenye chanja, kuwageuza na kuwachambua takataka. Kazi hiyo ndiyo inayomsomesha binti yake Yunisi uuguzi. Ukikutana naye asubuhi atakupa "Mwakeye" yake, salamu ya Kiha, akuulize habari za watu wa nyumba nzima mpaka chai ipoe. Zaidi ya hapo maneno hana.

Yadi hiyohiyo alikuwepo Castory. Mwanzoni nilimpenda, nisidanganye. Mtanashati, mcheshi, akinunua kitumbua anakusifia mpaka unamwongeza cha pili. Lakini baada ya muda nikamchoka. Dagaa wakikauka vizuri, ni yeye. Akija mnunuzi wa Lubumbashi, kavutwa na sura yake. Dagaa wakiharibika, kuna mzembe fulani. Na ole wako umkosoe! Atanuna, kisha atakutafutia visa mpaka utamani kuacha kazi.

Wenzake wakatafuta namna ya kuishi naye. Elikana akawa mtu wa "ndiyo, kaka" kwa kila jambo. Shadia akawa anacheka hata pasipochekesha. Halafu wakaanzisha utani. Waha huwasalimu wazee kwa kuinama na kupiga makofi taratibu, basi nao Castory akiingia wanainama na kumpigia makofi. Walikuwa wanamkejeli! Lo, mwenzao akayapokea kwa moyo mmoja, akawa anasimama langoni kuyasubiri. Asiyepiga anamsukumia magunia ayabebe, kana kwamba yeye ndiye msimamizi.

Honorata hakupiga. "Makofi ni ya wazee," aliniambia huku akikoroga chai yake. "Huyu nimemzidi umri." Basi, yakaishia hapo. Hakumtukana wala hakumsengenya. Alimsalimia kama anavyosalimiwa mtu yeyote, akaenda kwenye chanja lake. Hilo lilimchoma Castory kuliko matusi.

Mzee Swaibu alipopita na kuyaona yale makofi, akadhani kapata mtu anayeheshimika. Akampa usimamizi wa yadi. Nilitaka kulia kwa hasira.

Siku moja wingu likatanda upande wa Kongo. Honorata akavuta turubai awafunike dagaa, Elikana akashika ncha ya pili. Castory akawazuia mbele ya watu wote. "Mimi nalijua ziwa hili. Hapa hainyeshi. Acheni dagaa wapate jua." Nilikuwa nageuza vitumbua vyangu, nikasikia neno kwa neno. Mvua ikaja kama imetumwa. Dagaa wote wakalowa, na kesho yake hakuna aliyeweza kupita pale bila kuziba pua.

Ikafika mbalamwezi, siku ambazo mitumbwi hupumzika kwa sababu taa za wavuvi hazivuti dagaa mwezi ukiwaka. Mzee Swaibu akawakusanya wafanyakazi awaulize habari za dagaa walioharibika. Castory akaeleza, bila hata kupepesa macho, kwamba Honorata alikaidi kufunika dagaa.

"Kama ndivyo, mama, itabidi tuachane," Mzee akasema.

"Mzee, mimi nilitaka kufunika, nikazuiwa," Honorata akajibu. "Wenzangu hawa walikuwepo."

Mzee akamgeukia Elikana.

"Mimi nilikuwa mbali, Mzee."

Mbali! Na turubai alilishika yeye! Shadia naye akawa anatazama vidole vya miguu yake. Honorata akawaangalia mmoja mmoja, na hakuna aliyefungua kinywa. Nikamfikiria Yunisi akirudi nyumbani na sanduku lake kwa kukosa ada. Uvumilivu ukanishinda.

"Jamani, nyinyi mna roho gani?" Nikaacha vitumbua viungue. "Mzee, Castory ndiye aliyekataza. Nimesikia kwa masikio yangu. Na huyu Elikana alikuwa ameshika turubai!"

Ndipo wakakumbuka kwamba wana ndimi. "Ni kweli, Mzee." "Hata mimi nilisikia."

"Yaani habari za dagaa wangu naletewa na muuza chai," Mzee Swaibu akasema. Akamvua Castory usimamizi palepale. Castory akaondoka akiapa kwamba yadi itakufa bila yeye, na sidhani kama alikuwa anatania.

Mzee alipokwenda zake, Shadia akaja mbio kumkumbatia Honorata, machozi yanamtoka. "Dada, sisi tulikuwa na wewe moyoni, haki ya Mungu."

Honorata akaiondoa ile mikono mabegani mwake, polepole, bila hasira.

"Moyoni sikuwaona, mdogo wangu," akasema. "Nilikuwa natazama midomo yenu."