Kaseti Mbili Msituni

Enzi zile neno "mwekezaji" lilikuwa bado jipya midomoni, akatokea mmoja aliyetaka kupasua mbao juu ya Tengeru, kwenye kipande cha msitu wa Meru chenye chemchemi. Mfereji uliokuwa ukinywesha migomba ya mama yangu ulitoka hapo. Tukaambiwa kibali kitasubiri: ikithibitika kwamba ndege fulani adimu anaishi humo, hakuna mti utakaoguswa. Ila lazima ofisi mbili zitie saini kwamba yupo, yetu ya misitu na ile ya wanyamapori.

Ndege mwenyewe ni mdogo, wa kahawia, anashinda vichakani, na husikika kuliko kuonekana. Kwa hiyo unampigia sauti yake kwenye kaseti, kisha unanyamaza usikie kama atajibu. Kila ofisi ilikuwa na kaseti na redio yake. Kwenye kikao mjini tukakubaliana kwenda pamoja Alhamisi.

Sikuwaamini. Dada aliyewaongoza watu wa wanyamapori aliniuliza mara mbili kama Alhamisi ni uhakika, na mtu haulizi hivyo bure. Nilijua tu watatutangulia, wampate ndege, fedha za wafadhili ziwe zao. Basi Jumatano alfajiri nikamchukua mlinzi wetu wa msitu, tukapanda.

Nikapiga kaseti. Akajibu, ng'ambo ya bonde. Nilifurahi mno. Tukasogea, nikapiga tena, naye akajibu kwa karibu zaidi. Tulipotokeza bondeni, nikamkuta yule dada kashika redio yake, macho yamemtoka.

Hakuna aliyecheka. Tulisalimiana kwa shida, tukazima redio zote mbili. Na hapo, juu kabisa, mbali na sote, ndege akalia.

Niliitazama mikono yake. Yeye alikuwa anaitazama yangu. Mlinzi wangu alikuwa na begi mgongoni, na dereva wake naye alikuwa na lake; redio ya tatu ingetosha humo, na bondeni mwangwi hudanganya sauti inakotoka.

"Kaka, hebu fungua begi hilo," akasema.

"Anza na la kwenu."

Nipekuliwe na mtu aliyevunja makubaliano? Sikufungua, naye hakufungua. Tulibishana mpaka jua likapanda, na huko juu kukawa kimya. Alhamisi hakuna aliyekwenda. Kila ofisi iligoma kuweka saini yake kando ya saini ya watu wale, na kibali kikatoka.

Mfereji ulipokauka, mama aliniuliza, mimi mtu wa misitu, kama ni kweli ndege hakuwepo. Nikamwambia nilimsikia kwa masikio yangu.

"Sasa mbona hukusema, mwanangu?"

Nikamweleza habari za begi la dereva, na jinsi lilivyokuwa limetuna kwa namna ya kutia shaka. Alinisikiliza mpaka mwisho, ndoo tupu iko miguuni pake.

"Na la kwenu lilikuwa na nini?"

"Viazi, mama. Vile ulivyotuchemshia."