Ulita na Neno Vrag

Ulita Karpovna alijifunza kusoma kwa kidole cha babu yake. Mzee alikuwa fundi viatu, na kidole hicho kilinuka nta siku zote, hata Jumapili. Waliketi kwenye benchi kando ya jiko, kitabu kikubwa cha sala magotini, kidole kikitembea chini ya herufi za zamani na mtoto akikifuata kwa sauti. Lakini walipofika kwenye neno vrag, yaani adui, kidole kiliruka.

"Hapo soma kwa macho, mdomo uache," babu alimwambia. "Huyo ukimwita, anakuja."

Maana katika nyumba za sala zetu sisi Warusi wa imani ya kale, vrag ni Shetani mwenyewe, na watu wazima humtaja kwa kuzungukazunguka, kama mdaiwa anavyopita mbali na duka. Ulita alipokuwa mkubwa kidogo aliuliza neno lilitoka wapi. Babu alikuwa akitoboa ngozi, hakuinua uso.

"Neno hili ni la kale kuliko kitabu. Zamani lilikuwa la mtu aliyemuua mwenzake, akafukuzwa akakae msituni. Hapewi moto, hapewi mkate. Akifa, hana wa kumlilia. Baadaye ndipo Shetani akarithishwa, kwa kuwa naye alifukuzwa."

Siku hiyo Ona alikuwepo, Mlithuania wa ng'ambo ya ziwa, aliyeleta viatu vya mumewe. Alicheka. "Kwetu vargas ni taabu tu, mzee. Mtu wa vargas ni mnyonge. Hatumkimbii, tunampa supu."

"Basi nyie mnajua anavyoishia," babu akasema, "na sisi tunajua anavyoanza."

Ulita aliyaweka maneno hayo moyoni, asijue yatamfaa nini.

Vuli ya mwaka 1948 neno lilitoka kwenye sala likaenda kukaa ofisini. Mumewe Lavrenty alikuwa na farasi wawili na alichelewa kuwatoa kwa shamba la pamoja la Wasovieti. Jina lake likabandikwa kwenye mlango wa baraza la kijiji: vrag wa wananchi. Askari walimchukua asubuhi akiwa bado anatafuna. Jiko la Ulita lilipozimika wiki ile, alizunguka nyumba nne akiomba kaa la moto, na kila alikobisha aliambiwa jiko limepoa, huku moshi ukitoka juu ya paa. Akarudi na koleo tupu. Hapo ndipo alipomwelewa babu.

Aliyeliandika lile jina ni Zot, karani wa baraza, jirani yake ambaye uzio wao ulikuwa mmoja.

Ulita alikuwa na kijitabu cha majina, kama kila mwanamke wa imani yetu. Ukurasa wa kulia ni wa walio hai, tunawaombea afya. Wa kushoto ni wa waliokufa, tunawaombea pumziko. Lavrenty alikuwa kulia, na habari zake hazikuja. Kumhamisha mtu aliye hai ni kumzika kwa mdomo wako. Kumwacha aliyekufa kati ya wazima ni kumsimamisha nje ya mlango na njaa yake. Kwa miaka ishirini na minne Ulita hakumwomba Mungu kitu kingine: aambiwe tu ukurasa. Kila alipomuuliza Zot kama kuna karatasi imekuja, Zot alijibu, "Hakuna, jirani," akainama kwenye mboga zake.

Kisha Zot akafa. Mkewe, Fetinya, alikuja asubuhi akasimama mlangoni bila kuingia.

"Dada Ulita, mzee wangu amekata roho. Nakuomba uje umsomee. Wa kujua herufi umebaki wewe."

"Mungu amsamehe," Ulita akasema. Mikono yake ilikuwa na unga. "Fetinya, karatasi zote zilipita kwake. Hukuwahi kusikia lolote la Lavrenty?"

Fetinya alitazama kizingiti. "Njoo kwanza umsomee. Tutaongea."

Akaenda, maana maiti haachwi bila sala. Zot alilazwa kwenye benchi chini ya picha takatifu, amevikwa nguo nyeupe. Makrida, bibi aliyemwosha, alikuwa akikamua kitambaa. "Akiwa mzima alipigana nami kila nilipomwambia ananuka kidogo," alinong'ona. "Leo ameoga bila ugomvi." Wanawake wakaficha vicheko kwenye shungi. Ulita akafungua kitabu akasoma. Kila baada ya sala tatu kuna kituo, na kwenye kituo msomaji humtaja marehemu: mtumwa wako Zot. Alimtaja. Jina lilitoka bila shida, jambo lililomshangaza.

Siku ya pili, Fetinya alimwita jikoni anywe chai. Alimsogezea asali, akaifunika, akaifunua tena.

"Ilikuja karatasi," akasema. "Majira ya baridi, mwaka ule Ona alipofiwa na ng'ombe. Zot aliisoma akiwa amesimama. Akaitia motoni."

"Ilisema amekufa?"

"Aliogopa ungeuliza ni nani aliyemwandika."

"Fetinya. Ilisema nini?"

"Mimi sijui kusoma, dada. Mwenyewe ulitaka kunifundisha nikakucheka. Nilimuuliza, akaniambia nikoroge uji. Niliona moto tu."

Ulita alishika kikombe mpaka kikapoa. Aliyeisoma karatasi alikuwa chumba cha pili, kidevu kimefungwa kwa kitambaa.

Akarudi kusimama penye kitabu, kwa kuwa hakukuwa na mwingine. Alisoma sala ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kwenye kituo akavuta pumzi, na mdomo wake ukasema, "Mpumzishe mtumwa wako Lavrenty."

Makrida alifanya ishara ya msalaba. "Umechoka, mwanangu," akasema taratibu. "Sema tena."

"Mtumwa wako Zot," Ulita akasema. Lakini la kwanza lilikuwa limeshatoka, mbele ya maiti, mbele ya mashahidi, na sala haimezwi ikishatoka.

Walimzika Zot siku ya tatu. Wakala ngano ya asali, chakula cha matanga, wakamshukuru msomaji.

Jumapili Ulita alisimama na kijitabu chake kwenye nyumba ya sala. Hakuwa amemhamisha Lavrenty. Angemhamisha kwa ushahidi gani, wa ulimi ulioteleza au wa jivu? Alianza na walio hai, jina kwa jina. Alipofika kwa mumewe, kidole chake kiliruka, kama cha babu. Alimsoma kwa macho, mdomo akauacha. Akafungua ukurasa wa kushoto, na huko pia hakuwapo.